Mume wa Cucu

Nyanya yangu, ambaye kwetu tunamwita cucu, huniita mume wake. Labda ulianza kama mzaha, lakini hakuna aliyewahi kuumaliza. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na ukibeba jina unambeba na mwenyewe. Babu yangu alikuwa kifungua mimba, baba yangu kifungua mimba, na mimi vilevile, kwa hivyo ni majina mawili tu yanayozunguka: baba aliyageuza ya babu, nami nikayageuza ya baba. Matokeo ni kwamba jina langu kamili na la babu ni lile lile. Shangazi zangu, watu wazima wenye wajukuu, huniita baba. Baba mwenyewe akinipigia simu husema, "Baba, umeamkaje?" Akishaniheshimu hivyo, ananituma.

Heshima hii imenifunga. Miguu ya cucu ilipomshinda akatolewa kijijini Ngoliba kuletwa hapa Landless, mtaa wa Thika, jamaa waliketi kuamua ataishi na nani, na kikao kiliisha kabla chai haijachemka. Si mume wake yuko? Hivyo ndivyo nilivyopata mke nikiwa sijaoa. Kila asubuhi naenda Ruiru, kwenye karakana yetu ya friji karibu na Kamakis, ambako wenye vibanda vya nyama choma hutuletea friji zilizowafia wikendi inapokaribia. Kila jioni narudi. Nikichelewa, namkuta cucu kwenye kiti chake mlangoni, fimbo mkononi, hajala.

Simlaumu kwa kungoja. Babu aliondoka Ngoliba asubuhi moja baba akiwa mtoto mdogo, akasema anaenda kutafuta kibarua, na hakurudi. Nilivyojua mimi, hakuna kati yetu aliyemzika wala aliyejua alikoishia. Ndiyo maana kila nikiinama kufunga viatu, cucu huuliza, "Utarudi?" Nami hujibu, "Nitarudi." Nimelijibu swali hilo mpaka limenikaa shingoni.

Kisha nikaitiwa kazi Kisumu, kutunza vyumba vya baridi vya kuhifadhi samaki. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilitaka mji ambao ningeamka niwe kijana wa kawaida, si baba wa shangazi zangu. Yule bwana wa Kisumu alitaka jibu, nami nilikuwa nikimzungusha. Nilijiambia kwamba nikijua mwisho wa babu, cucu atamlilia, atakuwa mjane, na mjane hana mume wa kumngoja mlangoni. Nilikuwa namtafuta babu ili aniachilie.

Shangazi mmoja ndiye aliyenipa njia. "Watu wetu hawazikwi kimyakimya," alisema. "Kama alikufa, gazeti lilisema." Basi nikaanza kwenda maktaba ya Thika kila Jumamosi, nikiwaambia watu kwamba niko kazini.

Mama wa pale mezani alinipokea vizuri. Aliuliza namtafuta nani, nikamtajia jina. Akatazama kitambulisho nilichokuwa nimeweka mbele yake.

"Si hii ni jina yako?"

"Ni yangu. Namtafuta mwenyewe."

"Haya," akasema, akinionyesha chumba cha magazeti ya zamani. "Ukijipata, uniambie."

Niliketi kati ya wanafunzi waliokuja kusoma madaftari yao wenyewe, wengine wamelalia vitabu. Magazeti yalikuwa yamefungwa kwa kamba, mwezi juu ya mwezi, na kila bunda nililofungua lilinipigisha chafya hadi wanafunzi wakaanza kuhama meza. Nilienda moja kwa moja kwenye kurasa za matangazo ya vifo. Wazee wenye tai, akina mama wenye vitambaa vya kichwa, wote wakinitazama. Jina langu la kwanza lilikuwa limekufa mara nyingi. Kila nilipoliona moyo uliruka, kisha jina la pili lilikataa. Dirisha lilikuwa juu, halifunguki, nami nilianza kuhisi kwamba nitazeeka humo, nikisubiri kujisoma.

Jumamosi moja majina yote mawili yalikubali. Mzee kwenye picha alikuwa na masikio yangu haya, yaliyosimama kama ya mbuzi aliyesikia nyasi. Niliruka hadi kwa watoto. Palipoandikwa Baba wa: wa kwanza alikuwa baba yangu, jina kamili. Babu wa: wa kwanza nilikuwa mimi. Nilifurahi mpaka nikasimama. Mzee hakutusahau. Hadi siku ya mwisho alitutaja, tena kwa mpangilio.

Ndipo niliposoma mstari nilioruka. Mume wa: mwanamke nisiyemjua. Watoto waliofuata sikumjua hata mmoja. Nyumbani kwake, Ruiru.

Niliketi. Waliotajwa hawakuwa sisi; babu alikuwa ameanza upya. Kwa mke mwingine alipata kifungua mimba mwingine, akamwita jina la baba yake kama desturi inavyotaka, na huyo naye akazaa wa kwanza akamrudishia mzee jina. Kwa hivyo Ruiru, ambako naenda kila siku kutengeneza friji, kuna mtu mwenye jina langu lote. Nilimwonea wivu hadi macho yakauma. Yeye alikuwa na babu, kwa hiyo aliruhusiwa kuwa mjukuu.

Nilipiga picha ule ukurasa kwa simu nikarudi nyumbani. Cucu alikuwa mlangoni. Aliinuka polepole, akaingia, akaanza kunipakulia githeri ya mahindi na maharagwe, mimi kwanza, kama mwenye nyumba. Sikungoja aketi.

"Cucu, nimempata guka. Mzee wako. Alishakufa. Alikuwa anaishi Ruiru."

Mwiko haukusimama.

"Najua," akasema. "Mama mmoja wa soko aliniambia kitambo, hata wewe hujazaliwa. Alikuwa na bibi mwingine huko."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Wewe ukizaliwa, baba yako alikataa kukupa hiyo jina. Ati ya mtu alitutupa haiwezi itwa kwa hii boma. Mimi nikamwambia, mpe. Huyo wa Ruiru wakae naye. Mimi nimengoja wangu, na sasa amezaliwa."

Nilishikwa na hasira, na hasira haikupata pa kukaa, maana alikuwa ameiacha fimbo ili abebe sahani yangu kwa mikono miwili. Aliiweka mbele yangu.

"Kula, muthuri wakwa, mume wangu. Itapoa."

Simu ikaanza kulia mezani. Ilikuwa namba ya yule bwana wa Kisumu. Cucu aliitazama inavyozunguka juu ya kitambaa, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza hakuuliza kama nitarudi. Nilivuta sahani nikaanza kula, simu ikalia hadi ikakatika.