Ufa Kwenye Hekalu la Jirani

Jumamosi nilikwenda Guildford, mtaa niliokulia, kukusanya vitu vya bibi, na tangu niishushe ile picha ukutani sijapata usingizi. Utasema, rafiki yangu, picha tu? Ngoja nikueleze.

Ni hekalu la Kijapani, paa limejaa theluji, ngazi hazina mtu. Aliichapa jirani yetu, mwanamke mzee wa Kizungu aliyejifunza kazi hiyo Japani ujanani. Alichonga picha kwenye kibao, akakipaka wino, akalaza karatasi juu yake na kuisugua taratibu, shwa, shwa, mpaka hekalu likatokea. Nilikuwa na miaka tisa, tuna mwaka mmoja tu tangu tutoke kambi ya wakimbizi Tanzania, tukaja huku kwa Wazungu. Nikitoka shule nilipitia kwake, kwa sababu mkate wake wa kuchoma ulikuwa na siagi nyingi kuliko mkate wenyewe. Jioni bibi alikuja kunichukua.

Bibi alikuwa na amri yake: "Ukienda kwa watu usikae kama bibi harusi. Shika chombo, osha." Basi siku moja jirani katoka kwenda dukani, mimi nikaona kibao mezani, cheusi tii, uchafu umejaa kwenye mikwaruzo. Nikakipeleka kwenye sinki. Maji ya moto, sabuni, waya wa kusugulia masufuria. Kilipong'aa nikakianika nje, jua lile la Februari. Niliporudi kukigeuza kilikuwa kimepasuka juu hadi chini, na ile mikwaruzo, kumbe, ndiyo ilikuwa ngazi na paa.

Mama yangu wee! Nilikimbia. Nyumbani mama alituonya kila siku tusigombane na Wazungu, karatasi zetu za ukaazi bado mbichi. Nikajua tunarudishwa kambini, wote, kwa sababu yangu. Siku mbili sikula. Kila gari lililosimama nje lilikuwa la polisi. Siku ya tatu bibi akanibana jikoni, nikasema yote.

Kwetu huendi kuomba radhi mikono mitupu. Bibi akapika sombe, majani ya muhogo ya kugandishwa tuliyonunua sokoni Cabramatta, akatia mawese ya akiba. Mlangoni kwa jirani akapiga magoti, bakuli mikononi. "Mama, mjukuu wangu ameharibu kazi yako. Nisamehe mimi niliyemlea." Kisha akanitazama nitafsiri, maana Kiingereza hakujua hata cha salamu.

Nikatafsiri: bibi yangu anasema yeye ndiye aliyeharibu kazi yako. Alidhani kibao ni kichafu, akakiosha.

Jirani akamwinua bibi, machozi yanamlengalenga, wakala sombe pamoja bila kuelewana hata neno. Tukirudi bibi akanipapasa kichwa: "Umesema vizuri, mwanangu." Nilitamani ardhi inimeze.

Wiki iliyofuata jirani akaleta picha moja aliyoichapa kwa kibao kilekile, mstari mweupe ukilikata hekalu toka paani hadi ngazini. Chini aliandika kwa penseli, Kiingereza. Bibi akauliza imeandikwa nini. Nikasema, jina lake na salamu. Miaka yote mgeni yeyote akiisogelea ile picha, nilimuwahi kwa kikombe cha chai.

Siku hizi nyumba ya jirani imebomolewa, pamejengwa maghorofa mawili yaliyobanana, na harufu ya wino ule sijaisikia tena popote. Bibi tumemzika mwezi uliopita. Jumamosi binti yangu, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, aliyasoma yale maneno ya penseli kwa sauti. "Kwa bibi aliyeliosha hekalu langu." Akaniuliza ni kweli? Nikaigeuza picha nisimtazame.

Nyuma palikuwa na mwandiko wa bibi, ule wa kutetemeka alioupata kwenye darasa la Kiingereza la kanisani, uzeeni. Aliyanakili maneno ya jirani moja moja, na chini ya kila neno akaandika Kiswahili chake. Hakuacha hata moja.

Sijui alijua tangu lini. Najua tu kwamba hospitalini, siku zake za mwisho, daktari alipotafuta mkalimani, bibi alininyooshea kidole mimi. "Huyu," akasema, "huyu ndiye atanisemea."