Asali kwenye kisu cha Babu

Asali iliyokwama ndani ya chuma miaka mingi haiozi. Inageuka nyeusi, na inanuka moshi, nta na kutu kwa pamoja. Harufu hiyo ilinikuta juzi jikoni kwangu, hapa Karatu mjini, kaka yangu aliponiletea boksi la vitu alivyotoa kwenye nyumba ya zamani kijijini kabla ya kuiezua. Chini ya Biblia isiyo na jalada na kengele ya mbuzi kulikuwa na kisu cha kukunja cha Babu. Nilikijua kwa pua kabla sijakishika. Nikavuta kigoda nikakaa, na maharage yakaungua.

Niwaeleze kisu chenyewe. Ukikifungua, ulimi mdogo wa chuma uliruka ndani ya mpini ukayashika makali, yasije yakajifunga kwenye vidole vyako. Ulimi ule ulijua kushika, kuachia haukujua. Babu aliubonyeza mpaka dole gumba likawa jeupe, akakigonga kisu kwenye jiwe, akakisemesha kwa Kiiraqw maneno ambayo Mama hakupenda tuyasikie. Mtu mmoja tu alikiweza, naye alikuwa jirani yetu Baba Aneti, Mchaga aliyekuja kutoka Kilimanjaro kufungua duka la misumari na mabati, kisha akanunua shamba kando ya letu. Kisu alikitoa yeye dukani kwake kama zawadi kwa Babu. Dawa yake ilikuwa rahisi: unayasukuma makali nyuma kidogo, kana kwamba unataka kukifungua zaidi, ndipo unabonyeza. Babu alimwona akifanya hivyo mara nyingi sana, na sikuelewa kwa nini hakuwahi kujifunza.

Kisha wakagombana. Babu alikuwa amekwenda msibani Mbulu, na aliporudi alikuta Baba Aneti amepanda masale mpakani, mimea ya majani marefu, mstari mzuri wa kijani, kama wanavyofanya kwao. Babu alisema mstari umeingia kwenye maharage yake hatua nzima. Baba Aneti akasema macho ya mzee yamechoka. Walisema na mengine, mbele ya watu waliokuwa wanatoka kanisani, na tangu siku hiyo hawakusalimiana. Fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia, na nyasi zilikuwa mimi na Aneti, binti yake wa mwisho. Tulikuwa tumezoea kula pamoja, kuchunga pamoja, kusukana nywele pamoja. Babu akanikataza kukanyaga kule.

Ila kisu kilikwama. Babu hakuweza kukitia wazi mfukoni mwa koti, wala hakuweza kukaa bila kisu. Alikizungusha mkononi asubuhi nzima, mwishowe akachukua gunzi la mahindi, akayachomeka makali humo yasinikate, akanipa.

"Mpelekee yule," alisema. Jina hakulitaja. "Akifunge. Usikae."

Nilikaa, bila shaka. Baba Aneti alikichomoa kisu kwenye gunzi, akakifunga kwa mlio mmoja mdogo, akanirudishia bila neno, naye hakuonekana kuona kwamba mimi na Aneti tumeshapotea nyuma ya banda la ng'ombe. Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila kisu kilipogoma nilifurahi moyoni. Nilikuwa mtoto pekee kijijini aliyemwomba Mungu chuma kiharibike, nikiwa nimepiga magoti kabisa.

Siku moja, msimu wa baridi, ukungu umeshuka kutoka msituni mpaka mlangoni, Baba Aneti alinirudishia kisu kimefungwa, na pamoja nacho jani la sale lililopigwa fundo. "Mpe Babu vyote viwili," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na alinisindikiza mpaka mwisho wa uwanja wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Babu alilitazama jani lile akabadilika rangi.

"Amenitumia mpaka!" alisema. "Kanichukulia shamba, sasa ananiletea na jani lake nilione vizuri. Tena kalifunga fundo! Ndiyo kusema yamekwisha, pamefungwa!"

Alilitundika kwenye msumari ukutani, liwe ushahidi atakapokwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nami nikaambiwa kisu kikikwama tena, na kikwame, afadhali atembee nacho wazi kama mchinjaji. Kikakwama, na kweli akatembea nacho wazi. Kilitoboa mfuko wa koti, kikamkwaruza paja, na bado akatembea nacho. Jani likakauka ukutani. Kwa Aneti sikwenda tena. Nilimwona kwa mbali kisimani, tukapungiana mikono kama watu wa vijiji viwili. Nililia siku hizo, na Mama alidhani ni tumbo.

Aliyeleta mabadiliko ni Baba Mdogo Zakaria, aliyekuwa dereva wa watalii. Alikuja na gari la kampuni likiwa jekundu kwa vumbi, akaona kile kisu, akacheka. Alichukua mswaki wa zamani na mafuta ya kopo ya gari, akasugua, akapuliza, akafuta, na ulimi ule ukaanza kushika na kuachia kama mlango wa benki. Mimi nilitazama huku nimenuna. Ndipo alipoinua macho akaliona jani ukutani.

"Baba, nani kakupa hili?"

Babu akamweleza, kwa hasira ileile, tangu mwanzo. Baba Mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa chini.

"Baba, mimi nimelala kambi moja na Wachaga miaka yote hii. Mtu akikuletea sale limepigwa fundo anakuomba msamaha. Kwao halikataliwi hilo. Hata kama amemwua ng'ombe wako. Wewe umelitundika kwenye msumari?"

Babu alitoka nje, akasimama uwanjani akiangalia upande wa mstari wa masale kwa muda mrefu. Baba Mdogo akanywa chai yake, akaondoka na gari lake.

Nilidhani Babu atakwenda. Hakwenda. Alipenda kutuambia, ukitaka cha uvunguni sharti uiname, lakini yeye mwenyewe mgongo wake haukuwa wa kuinama. Na kisu sasa kilikuwa kizima, hakikuwa na sababu ya kuvuka mpaka. Nilikata tamaa kabisa.

Kesho yake alishusha mzinga mmoja, akaketi kwenye jua akikata masega. Asali ilimtiririkia mpaka kiwiko. Alipomaliza alikiweka kisu kikiwa wazi juu ya ukuta wa banda, upepo ukapita na vumbi lake, naye akaingia ndani kunawa. Jioni kilikuwa kimegoma kama jiwe.

"Kimekwama," alisema, akitafuta gunzi. "Mpelekee."

Nilikimbia. Baba Aneti alikipokea, akakiangalia, akakinusa. Nikaona aibu kwa ajili ya nyumba yetu, nikamwambia kwamba Babu amezeeka, siku hizi anasahau kufuta kisu.

Baba Aneti alipitisha dole gumba kwenye mpini, akalilamba, na akacheka peke yake huku macho yamejaa maji. Kisha hakunirudishia kisu. Alivaa koti lake, akanishika mkono, akatembea nami kupita masale yake mpaka uwanjani kwetu, Aneti akitufuata nyuma.

"Shikamoo, Mzee," alisema.

"Marahaba. Kisu chako hiki kinanisumbua."

"Hakina ubaya, Mzee. Kinalishwa vizuri mno."

Babu akamsogezea kigoda, na Mama akaweka sahani ya masega kati yao. Habari ya hatua ile ya shamba sikuisikia tena. Mimi na Aneti tulikuwa tumeshaondoka, tukiamini kwamba Mungu amesikia magoti yangu.

Sasa ninacho mwenyewe, na nina mswaki na mafuta ya kukisafishia. Nimekaa nacho jikoni nikimkumbuka Babu akikitumia: akikata kamba, muwa, kwato za mbuzi. Kila mara alikifuta kwenye majani, akakifuta tena kwenye suruali, akakikagua juani ndipo akakifunga au akatukana. Nimetafuta siku nyingine yoyote aliyowahi kusahau, na sijaiona.