Ubani kwenye Sanduku la Vyura

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulifukiza sanduku la vyura kwa ubani.

Nilikuwa mtumishi wa Mdachi mmoja mpimaji wa misitu, hapa Korogwe, upande wa mtoni. Kila alipopanda milimani Kwashemshi alirudi na vyura wa miti, wadogo, wa kijani, ncha za vidole zimetuna kama matone ya maji. Aliwatia katika chupa za pombe kali wasiharibike. Kazi ya kuzipangusa chupa hizo ilikuwa yangu, na nilichoka kutazamwa na macho yale. Siku moja nikamwomba aniachie watano niwatunze wakiwa hai. Akafikiri, kisha akasema anakwenda Handeni kwa siku kumi. Akirudi akawakuta wote watano wazima, wataishi. Akipungua hata mmoja, wote wataingia chupani.

Sikuwa na wa kunifundisha. Hata kusoma nilijifunza mwenyewe, kwa maandishi ya kwenye makasha. Nilichukua vioo vya kupigia picha alivyokuwa amevitupa, nikaviunganisha kwa nta ya nyuki na mbao za kasha. Nililibomoa sanduku mara tatu kwa sababu pembe moja ilipinda kiasi cha ukucha. Ndani nikaweka udongo mweusi, mawe yenye ukijani, chipukizi la mgomba na kibakuli cha maji. Juu nikafunika kwa kipande cha chandarua.

Kwetu Kwamsisi mama hatii maji ya kunywa mtungini kabla ya kuufukiza. Huweka ubani juu ya makaa na kuuinamisha mtungi juu ya moshi. Kumpa mgeni maji ya mtungi usiofukizwa ni aibu. Kwangu mimi usafi ulikuwa huo. Basi nililifukiza sanduku, nikafukiza na kibakuli, na kwa kuwa nina wasiwasi, nikarudia mara tatu. Kisha nikawaingiza vyura.

Asubuhi wawili walikuwa wamekufa. Watatu walikuwa wamegandamana kiooni, rangi imewapauka.

Mpishi wetu, mzee wa Kishambaa, aliingiza pua sandukuni. Nilimwamkia, hakuitikia shikamoo yangu.

“Leo kuna harusi?” akauliza. “Mbona umewafukiza kama maharusi?”

Nikamweleza habari ya mtungi. Akaacha mzaha.

“Mwanangu, chura hanywi kwa mdomo. Anakunywa kwa ngozi. Sisi tulipokuwa watoto migombani, mwenye mkono wa tumbaku alikatazwa kumshika.”

Alijua siku zote. Alikuwa jikoni, hatua chache tu kutoka nilipokuwa nikihangaika na nta, na mimi sikumwuliza kwa kuogopa kuonekana sijui.

Tuliwahamishia wale watatu kwenye majani mabichi, tukalisugua sanduku kwa mchanga na maji ya mto, tukalianika siku mbili, tukabadilisha udongo wote. Siku ya nne rangi iliwarudia na wakaanza kula nyenje.

Nakiri kwamba nilishuka kwenye migomba ya mtoni kutafuta wawili wa kujazia pengo. Niliwapata. Walikuwa wa kijani pia, na Mdachi huenda asingewatambua. Nikisema kweli, wale watatu watakufa. Nikidanganya, wataishi. Nilisimama pale na kikapu nilichowatia. Kilichonishinda si uongo wenyewe. Niliona kwamba kila nitakapolitazama sanduku nitawatazama kwanza hawa wawili wa kujazia. Nikawaachia.

Mdachi aliporudi, nilisema kabla hajavua kofia. Nilimweleza moshi, vifo, mchanga, na maneno ya mpishi kuhusu ngozi. Aliandika kwa muda mrefu katika daftari lake. Akainua chandarua, akamchukua mkubwa kuliko wote.

“Huyu wa chupa,” akasema. “Wawili wako.”

Nilitaka kumkumbusha kwamba alisema wote, kisha nikaogopa atakumbuka kweli. Nikalifunika sanduku upesi.

Wawili hao wangali hai. Siku hizi nauliza kabla ya kuanza kazi, hata nikionekana mjinga, na nikikosea nasema siku hiyo hiyo.