Dubu wa upepo, pilau la bi mkubwa na begi lililosimama mlangoni

Wakuu, heshima zenu popote mlipo. Leo sina siasa wala umbea. Nina jambo dogo lililotokea kwangu, na nalisimulia kama lilivyokuwa. Asiyeamini alisome kama hadithi ya kulalia, sitamlaumu.

Naishi Toronto, upande wa Downsview. Ni nyumba ndogo ya kupanga, mbele ina kipande cha nyasi, nyuma ya mtaa ni maghala, na huko huko ndiko ninakopiga mzigo. Wife ni nesi. Tuna binti mmoja, Neema, yuko grade two. Kiswahili anakielewa chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Wenye watoto huku mnanielewa.

Bi mkubwa wangu, yaani mama mzazi, alikuja kututembelea kutoka Makambako.

Msije mkadhani alishindwa na baridi. Mtu wa Njombe humtishi kwa baridi. Alikuwa anatoka nje na sweta na khanga yake, anasema panafanana na nyumbani mwezi wa saba.

Kilichomshinda ni ukimya.

Kwake mlango haufungwi mchana. Huyu kaja kuomba chumvi, huyu kaleta maneno, mwingine hana hata shida, kapita tu. Huku sisi tuko kazini, mtoto shule, yeye anashinda dirishani. Watu wanapita na mbwa wao, masikio yameziba kwa headphones, hakuna anayegeuza shingo.

Jioni moja akaniambia, taratibu kabisa: "Mwanangu, nyumba yenu haina hodi. Nitafutie ndege nirudi, Krismasi nikaile nyumbani."

Wakuu, iliniuma. Tangu nitoke bongo sijawahi kula Krismasi na mama yangu, na hii ndiyo niliyokuwa naisubiri. Nikambembeleza, wapi. Kesho yake begi lake limeshapangwa, limejaa, limesimama pale mlangoni sebuleni. Nikamwahidi Jumatatu nitapiga simu tiketi ibadilishwe.

Sasa Jumamosi Neema naye ananililia dubu.

Kwa ambao hamjawahi kuona: huku Krismasi ikikaribia watu wanaweka mbele ya nyumba midoli mikubwa ya kitambaa, ndani ina feni na taa. Ukichomeka umeme inajaa upepo na kusimama, mingine inafika usawa wa paa. Nikaona bora mtoto mmoja wa nyumba hii afurahi. Nikanunua dubu mweupe mwenye skafu nyekundu.

Kumfunga sasa. Ardhi imeganda, ngumu kama sakafu ya zege. Vile vigingi vya plastiki vilivyokuja kwenye boksi vikapinda kimoja baada ya kingine. Nikafunga kamba moja kwenye reli ya ngazi, nyingine kwenye ndoo ya chumvi ya kuyeyushia barafu, nikasema liwalo na liwe.

Ilikuwa kama saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia, theluji inaanza kudondoka. Nikachomeka.

Mwanzo kilikuwa kitambaa tu kimelala chini. Feni ikaanza kuunguruma kwa ndani. Tumbo likapumua, bega likainuka, kisha kichwa kikaja polepole, kama mtu anayeamka siku ambayo hana kazi. Taa ikawaka ndani yake na theluji yote ya mbele ya nyumba ikageuka rangi ya chai ya maziwa.

Kwa kitambo hivi sikujua niko nchi gani wala nina umri gani.

Bi mkubwa akatoka, akamtazama dubu kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaniuliza: "Wageni wanafika saa ngapi?"

Nikamuuliza wageni gani. Akaniangalia kama vile nimepotea. Umeweka kitu kikubwa hivi mbele ya nyumba, umewasha na taa, watu si wameona? Umewapikia nini?

Hapo ndipo nikaelewa. Kwetu turubai likishafungwa uwanjani, hata kama hujamwambia mtu, mtaa mzima unajua kuna shughuli. Kufunga turubai wakati jiko limelala ni aibu ya ukoo. Na kwa bi mkubwa, yule dubu ni turubai.

Nilitakiwa kumwambia kwamba huku watu wanapamba, halafu kila mtu anaingia ndani kwake. Nikashindwa. Alikuwa ameshafunga khanga kiunoni, na tangu afike sikuwahi kumwona akitembea haraka namna ile.

Akabandika pilau, sufuria kubwa kuliko zote. Wife akarudi kutoka shift, akaangalia sufuria, akaniangalia mimi, nikamkonyeza. Akanawa mikono na kuanza kukata kachumbari bila swali. Mungu amweke mwanamke yule.

Tukakaa.

Nyumba imejaa harufu ya iliki na mdalasini. Bi mkubwa kavaa kitenge chake kizuri, ameketi akitazama mlango, mikono mapajani. Gari likapita. Likapita jingine. Nje dubu anaitikia kwa kichwa kila upepo ukimgusa, theluji inamshukia mabegani. Mimi nilikuwa naangalia begi, kumwangalia mama nilishindwa.

Neema akavaa jaketi, akasema anaenda kumcheki dubu.

Dirishani nikaona mama mmoja Mfilipino wa nyumba ya tatu, na wanawe wawili, wamesimama kupiga picha. Akatokea pia mzee wa Kiitaliano wa ng'ambo ya barabara, ambaye tangu nihamie tumeishia kupungiana mikono. Neema anawaeleza kitu, ananyoosha kidole mlangoni kwetu, mwalimu kabisa.

Kisha ikasikika sauti nzito ya mzee, nje ya mlango:

"Hodi?"

Bi mkubwa akasimama. Akaweka mkono kifuani. Halafu akajibu kwa sauti yake ya Makambako: "Karibu. Karibuni ndani."

Baadaye ndipo nikajua. Neema aliwaambia bibi amepika, ila nyumba hii haigongwi mlango, unasema hodi mpaka bibi aitikie. Yule mzee alifanya mazoezi kwenye ngazi.

Wageni wakaingia, wakala. Mama anaongea Kiswahili, mzee Kiingereza cha kuchanganya na Kiitaliano, Neema katikati. Mara nikamsikia binti yangu anamgeukia bibi yake: "Bibi, anasema mke wake alikuwa anapika wali kama huu. Sasa hayupo."

Sentensi nzima ya Kiswahili, wakuu, na hakuna aliyemlazimisha. Wife alinifinya goti chini ya meza. Bi mkubwa akamwongezea mzee nyama.

Hapo hapo upepo ukaja. Ndoo ikaburuzwa, dubu akalala ubavu, akawa anavuta kuelekea barabarani. Tukatoka wote, wageni na wenyeji, tumemkumbatia dubu kwenye theluji huku tunacheka, na mimi napiga kelele nitafutiwe kitu kizito.

Bi mkubwa akatokea mlangoni anaburuza begi lake. Akalishusha ngazi moja moja, akalisukuma mpaka kwenye kamba.

"Fungia hapa," akasema. "Halina safari."

Nikafunga. Naona aibu kusema, ila machozi yalinitoka, nikasingizia upepo.

Jumatatu sikupiga simu. Begi lilikaa nje siku mbili, nguo zikalowa, akazianika basement huku akinilaumu mimi.

Nilichojifunza ni hiki: nilikuwa nawalaumu majirani kwamba hawabishi hodi, kumbe hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kwetu pana mtu wa kuitikia.

Ninyi mlioko mbali na nyumbani, milango yenu inasemaje? Na mliokuja na wazazi, mliwashikaje wasikimbie? Tiririkeni hapa chini, nasoma zote.

Bi mkubwa ananiuliza ninaandika nini muda wote huu. Nimemwambia naongea na watu. Kasema niwaambie karibuni, chakula kipo.