Koa wa Tanga Walioletwa Chonyonyo

Deodatha alirudi kijijini Chonyonyo, mbali na bahari, mwaka 1954 na sanduku moja la bati, bila mume. Anatory, karani wa forodha, alikufa kwa homa Tanga, akazikwa hukohuko. Mama mkwe wake, Kokuberwa, alimpa chumba, akangoja amwone akilia. Deodatha hakulia. Alianika kahawa, akamenya ndizi, na siku zikapita kama za mtu mwingine.

Kule Tanga alikuwa amemfanyia kazi mwalimu mmoja wa kike wa Kizungu, aliyekusanya koa wa baharini, viumbe laini wasio na gamba, wengi wadogo kama punje ya mchele. Deodatha alianza kwa kuosha chupa. Baada ya miaka sita, mwalimu alikuwa akimuuliza yeye.

Mwezi wa saba, katekista Placidius alileta kifurushi kutoka misheni. Ndani mlikuwa na chupa kumi na moja za spiriti, kila moja na koa wake, kioo cha kukuzia na barua. Mvua iliingia stoo, mwalimu aliandika, karatasi za majina zikabanduka. Je, Deodatha angeweza kuwatambua?

Alikaa mlangoni penye mwanga. Rangi haikuwa na msaada, maana spiriti ilikwisha kuwafanya wote weupe. Wanane aliwajua kwa umbo, kwa pembe za kichwani na vidole vya mgongoni. Watatu walifanana kabisa, kila mmoja akiwa na vishada mgongoni mithili ya mikungu midogo ya ndizi.

Basi akatazama chakula chao. Mwalimu alimhifadhi kila koa pamoja na kile alichokutwa akila, haidroidi, vijinyama vinavyoota kwenye nguzo za gati hata mtu akadhani ni majani. Kimoja kilikuwa kama unyoya wa kuku, kingine kama kichaka kilichopukutika. Koa wa unyoya hagusi kichaka, hata afe njaa. Hao wawili akawaandika majina. Chakula cha wa tatu hakuwahi kukiona. Akaandika: simjui.

Kokuberwa alikuwa amesimama nyuma yake muda mrefu.

"Hao unawatazama hivyo," alisema. "Mwanangu hukumtolea hata chozi."

"Hawa naweza kuwatazama, mama," Deodatha akajibu.

Mama mkwe alivuta kigoda, akaketi.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Daftari la zamani lilikuwa limepatikana, na kumi walikuwa sawa. Yule wa mwisho hakuna aliyemjua hata Ulaya, na mwalimu alimwomba Deodatha arudi Tanga. Deodatha alimsomea Kokuberwa barua yote kwa Kinyambo, lugha ya kwao. Alidhani habari hiyo ingemgusa yeye mwenyewe mahali fulani moyoni. Haikumgusa.

Aliandika kwamba hatarudi, ila chupa zikiletwa atazitazama. Kabla ya Krismasi zilifika ishirini. Kokuberwa ndiye aliyekifungua kifurushi.