Wanaume Sita Juu ya Mizani

Bakhit Marhoon alikuwa na masikio ya mwanamieleka: mazito, yaliyokunjamana, la kushoto karibu limeziba. Alicheza Unguja mpaka akatimiza miaka thelathini, kisha akafundisha mchezo huo miaka minane katika chuo cha walimu. Kila Alhamisi aliwapandisha vijana wake kwenye mizani, mmoja mmoja, akaandika jina na uzito daftarini. Mtu aliyepungua ratili tatu bila ya sababu, alikuwa akisema, ana jambo analificha.

Baada ya Januari 1964 hakurudi tena chuoni. Mwezi wa Agosti alishuka Matrah, bandari ya Oman, na mkewe, Masouda, wakiwa na masanduku mawili na ruhusa ya kukaa iliyotolewa kwa udhamini wa mfanyabiashara mmoja wa tende. Ruhusa hiyo ikifutwa, wangepandishwa meli, na hapakuwa na bandari iliyokuwa ikiwangojea. Mdhamini alimpa kazi ya kutunza bohari na kupima magunia.

Mwanzoni mwa 1966 wakaja wanaume sita, wote watu wa Unguja, wakitaka kufundishwa. Walikutana bohari baada ya sala ya alasiri, wakaangushana juu ya magunia yaliyojazwa makumbi. Bakhit alifundisha kama alivyofundisha chuoni, na Alhamisi ilibaki siku ya kupima. Mizani ya magunia ilikuwa hatua mbili kutoka mlangoni. Aliufungua mlango wote apate mwanga, akasoma uzito kwa mani, kipimo cha Maskati, akaugeuza kuwa ratili, akaandika.

Mwezi wa Mei aliitwa afisi ya liwali. Karani, mtu mpole wa sauti, alitaka kujua kwa nini mtunza tende anaandika majina ya wanaume wenye nguvu, na wanaume hao wanapelekwa wapi. Vita vya waasi wa Dhofar, kusini ya nchi, vilikuwa vinakaribia kutimiza mwaka. Bakhit alieleza habari ya mieleka. Karani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua karatasi yake.

"Alhamisi tatu ulipima watu sita," alisema. "Jana ulipima watano."

Daftari likachukuliwa. Bakhit aliambiwa arudi baada ya mwezi, na kwamba wakati huo ndipo itakapoamuliwa kama atakaa au ataondoka.

Njiani alikuwa akihesabu watu, si siku: ni nani kati ya sita anayepeleka habari? Aliyekosekana jana alikuwa Aflah, karani wa forodha, kijana wa miaka ishirini na minne aliyekuja bila ya kualikwa na aliyeuliza maswali kuliko wenzake. Alituma salamu kwamba mama yake anaumwa. Kwa mwezi mmoja alikuwa amepungua ratili nne.

Masouda alimuuliza mumewe kama ana hakika.

"Nna hakika na mizani," Bakhit alijibu.

Siku ya pili aliwakusanya wote sita, akafunga mlango, akawaambia mchezo umekwisha na hakusema kwa nini. Kisha akamwita Aflah juu ya magunia, waagane kwa pambano moja la mieleka. Wengine walidhani ni heshima. Alimwangusha mara moja, akaukamata mkono wa kulia, akaupinda nyuma mpaka pale ambapo mwalimu huacha. Hakuacha.

"Maalim, bega," alisema Aflah.

"Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Kwa mama."

"Nnakuuliza ulikuwa wapi."

Bega lilitoka, na kila mtu bohari aliusikia mlio wake. Wiki mbili baadaye alipanda meli ya Bahrein, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Bakhit aliipokea ile safari kama ushahidi: mtu mwema, alimwambia mkewe, hakimbii.

Mwezi ulipotimia alirudi kwa liwali. Yule karani alikuwa na karatasi mpya.

"Siku hizi mlango unaufunga," alisema. "Kwa nini?"

Bakhit alisema ni vumbi. Ndani ya kichwa chake alikuwa ameshafika Bahrein na kurudi. Mlango alianza kuufunga kila siku baada ya Aflah kuondoka; Aflah hakuwapo kuuona.

Ruhusa haikufutwa. Alitia saini kwamba hatakusanya watu tena, akaenda moja kwa moja kwenye nyumba inayokabili bohari, ya Bibi Hind, akakaa kwenye baraza yake. Mlango ukiwa wazi, mizani yote ilionekana, na mtu aliyekanyaga juu yake pia. Masouda alimkuta hapo. Alimwambia kuwa askari wa liwali hunywa kahawa kwenye baraza hiyo kila alasiri, na jambo hilo kila mwanamke wa mtaa analijua.

"Hukuniuliza," alisema.

Mama yake Aflah alizikwa kabla ya mwezi mwengine kwisha. Bakhit alikwenda mazikoni, akasimama nyuma. Barua ya Bahrein aliianza mara nyingi na hakuimaliza hata mara moja. Aliogopa itafunguliwa njiani.

Mwaka 1970, baada ya Sultani kupinduliwa na mwanawe mwezi wa Julai, serikali mpya ilianza kutafuta walimu. Bakhit aliomba nafasi ya kufundisha michezo. Cheti chake kilibaki Unguja, kwa hiyo alihitaji shahidi aliyefundishwa naye. Watano walikuwa wametawanyika. Wa sita alikuwa amerudi kutoka Bahrein, na alikuwa nyuma ya meza katika afisi ya kuandikia walimu.

Aflah alimtambua kwa masikio. Alimuuliza jina, umri, miaka ya kazi, kama anavyomuuliza mtu yeyote. Penye nafasi ya shahidi aliandika mistari minne kwa mkono wa kushoto, polepole. Wa kulia ulilala juu ya meza. Kisha akamgeuzia Bakhit fomu.

"Isome, maalim," alisema. "Najua hutoiamini mpaka uisome."

Bakhit aliisoma yote, mbele yake, mara mbili. Ndipo akatia saini.