Mbwa wa Elmas Aliyeharakishwa Kukua

Kondoo wa Elmas walijulikana kijijini kwa unene, na yeye kwa ukaidi. Tumepakana ukuta kwa ukuta, kwa hiyo ninayosimulia sikuyaokota kisimani. Alipofiwa na mume, binti yake alimwita mjini akakataa. Alisema kule hakuna cha kuchunga, angeishia kuchungwa yeye.

Mwisho wa majira ya baridi mbwa mwitu walimrarua mbwa wake jike wa zizi. Akabaki mtoto mmoja, ameachishwa ziwa juzijuzi, kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili. Elmas akamwita Tosun, jina tunalowapa ndama dume.

Hapo ndipo shemeji yake Nazif, mdogo wa marehemu, alipokuja kunywa chai. Glasi ya pili ilipoisha alitoa lililomleta: theluji ikirudi, yule mbwa atakuwa bado mtoto, na zizi lisilo na mbwa ni karamu. Afadhali amuuzie yeye kondoo mapema, kwa bei ya ndugu. Elmas alimjazia glasi ya tatu, akamwambia theluji ikianguka aje apite mbele ya Tosun kama ana moyo.

Kununua mbwa mzima Elmas hakutaka, maana aliyelelewa na kondoo wa wengine huwaona wako kuwa wageni. Basi ilimlazimu Tosun awe mkubwa kabla ya theluji, la sivyo kondoo waende kwa Nazif.

Sisi huwalisha watoto wa mbwa uji wa shayiri uliokorogwa kwa maji yanayobaki jibini likishaganda. Tunawapimia, na wanakua polepole. Hata mwaka wa pili mtoto hajawa mbwa kamili. Elmas aliyajua hayo tangu utotoni, ila hakuwa na muda wa kuyafuata. Alianza na mayai, akaongeza maziwa ya kondoo, mwisho nyama. Akichinjwa kondoo popote kijijini, yeye ndiye wa kwanza kubisha hodi kuomba mapafu. Jambo moja alilifanya vizuri, lazima niseme: alimlaza Tosun zizini katikati ya kondoo, wakamzoea mpaka ikawa radi ikipiga wanamkimbilia yeye.

Tosun alikua kwa namna ya kutisha. Watu walikuja kumshangaa, na Elmas alivimba kichwa. Mimi furaha ile haikunikaa. Nilimwona mbwa yule anavyoketi, anajishusha taratibu kama bibi mwenye magoti mabovu, na hata mwaka hajatimiza.

Nazif naye aliona. Alitukuta malishoni katikati ya kiangazi.

"Shemeji, unafuga mbwa au unanenepesha fahali wa sikukuu?"

"Kinakuuma nini? Anakula changu."

"Punguza nyama. Mwili umeitangulia mifupa. Mtazame miguu ya mbele, inaanza kupinda."

"Ungependa awe kama panya, ili theluji ikija uje na kamba yako."

"Kondoo nawataka, sikatai," Nazif alisema. "Lakini huyo mbwa unamvunja mwenyewe."

Alisema kweli, na alikuwa mtu wa mwisho ambaye Elmas angemwamini. Jioni ile aliongeza nyama. Nilijaribu kumshauri, akaniuliza kama Nazif ameshanilipa, na tukanuniana mpaka mavuno.

Vuli ilipofika miguu ya Tosun ilikuwa imepinda kama mundu. Kusimama alijaribu mara mbili ndipo aweze. Elmas alimkanda kwa mafuta ya mkia wa kondoo, akamvisha ukosi wa miiba ya chuma wa kukinga koo, aliokuwa akivaa yule jike aliyemzaa, na uzito wake ukamwinamisha shingo. Kando ya kijito nyayo za mbwa mwitu zilikuwa zinazidi kusogea. Niliogopa hata kwenda kuchota maji.

Theluji iliwahi. Alasiri moja ya ukungu Elmas alikuwa akiwarudisha kondoo, na mapaa ya nyumba zetu yameshaanza kuonekana, Tosun alipolala mtelemkoni. Yaliyofuata alinisimulia mara moja tu. Mbwa mwitu walitoka ukunguni. Tosun akabweka, akajiinua, miguu ya mbele ikakunjika. Kondoo waliokuwa wameshatangulia, wamebakiza kidogo kuingia kijijini, walisikia sauti yake, wakageuka wote, wakapanda kumzunguka. Elmas aliwachapa kwa fimbo washuke. Hakuna aliyemwacha mbwa. Mbwa mwitu hawakuhitaji hata kukimbiza, waliwararua kondoo palepale, na Tosun alibweka amekaa katikati ya kondoo wake mpaka wanaume walipofika na bunduki.

"Wasingemwamini, wangekimbia," aliniambia. "Wangefika."

Nazif alikuja kuwachukua waliobaki. Hakukejeli, nampa haki yake. Aliwaswaga mpaka njia panda, wakamponyoka, wakarudi zizini alipolala Tosun. Akawaswaga tena, wakarudi tena. Elmas alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Mwishowe aliingia zizini, akamkumbatia yule mbwa mzito kuliko yeye, nami nikashika nyuma, tukampandisha kwenye mkokoteni wa Nazif.

"Nitampa shayiri, shemeji," Nazif alisema kwa sauti ndogo.

Mkokoteni uliondoka, na kondoo wote wakaufuata.